Nyigu wa Naftaly

Jumatatu ile habari ilimfikia kila mtu Kanyakine kabla ya kumfikia mwenyewe. Kajuju alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya mmakadamia, akipekua majani upande wa chini, jirani yake Ruguru alipopita na mfuko wa unga akitoka kusaga. Ruguru alisimama, akampa hongera.

"Ya nini?" Kajuju aliuliza bila kugeuka, maana alikuwa ameona mayai.

"Si mzee wako amepewa mdudu. Ataitwa kwa jina lake mpaka Ulaya. Yuko pale posho mill anaonyesha watu kwenye simu."

Kajuju alikata jani taratibu, akalitia kwenye kichupa, akaziba kwa pamba, ndipo akashuka. Aliuliza ni mdudu gani. Ruguru akasema ni nyigu, nyigu mdogo sana ambaye dunia nzima ilikuwa haimjui, na Naftaly ndiye aliyemgundua. Alilisema kwa furaha ya jirani mwema, wala hakuelewa kwa nini mwenzake aliketi ghafla kwenye kidato cha chini cha ngazi.

Hapa niseme jambo moja waziwazi, maana nikilizungusha nitapasuka. Naftaly hajawahi kukamata nyigu hata mmoja. Nyigu wa Kajuju ni wadogo kuliko punje ya ufuta na hawamuumi mtu, na kwa miaka tisa Naftaly alikuwa akiwaita vumbi. Toa vumbi lako mezani nile, alikuwa akisema. Kajuju alitoa, akasubiri ale, akarudisha.

Kazi yenyewe ililetwa na Daktari Kagure, mkuu wa mkusanyo wa wadudu katika kituo kimoja cha utafiti nje ya Embu mjini. Mkulima yeyote wa makadamia anamjua yule kunguni anayenuka, anayefyonza njugu zikiwa bado laini hadi mtu anavuna maganda. Kunguni huyo hutaga chini ya majani. Lakini kuna nyigu wanaotaga ndani ya mayai yake, na yai lililotarajiwa kutoa kunguni hutoa nyigu. Kajuju alikuwa akitafuta mayai hayo, akiyaweka kwenye vichupa, akingoja kwa siku kumi au kumi na tano, akiandika ni nini kilichotoka na lini. Kisha kila nyigu aligundishwa kwenye ncha ya kipande cha karatasi, akadungwa pini, na chini yake lebo ndogo yenye mistari mitatu.

Shuleni aliishia kidato cha pili. Hata hivyo ni yeye aliyeona, miaka miwili iliyopita, kwamba nyigu wale hawakuwa wa aina moja. Wa kwanza, madume hutoka mapema na kusimama juu ya maganda kungoja majike. Wa pili hutoka na kwenda zao bila kungoja mtu. Daktari hakuamini. Kajuju akatenga vichupa arobaini, akavikodolea macho mchana kutwa, akaandika. Daktari alipowatazama wale wa pili kwenye hadubini alikuta shina la mguu wa nyuma ni la manjano, mahali ambapo wa kwanza ana weusi. Alipiga simu kutoka Embu akicheka kwa furaha.

Sasa tuje kwenye kosa, na kosa lilikuwa la Kajuju, hata yeye halikatai. Kwenye mstari wa tatu wa kila lebo, chini ya mahali na tarehe, alikuwa akiandika Naftaly M. Hakuna aliyemwagiza. Lakini huko kitu kikitoka shambani hutoka kwa jina la mwenye shamba. Kahawa hupimwa kiwandani kwa namba ya Naftaly. Maziwa huingia kwa namba ya Naftaly, ingawa ng'ombe mwenyewe hamjui Naftaly. Mke akipeleka kitu kwa jina lake, watu huuliza kama wameachana. Basi nyigu elfu mbili mia tatu na kumi na sita wakatoka kwa jina la mwenye shamba, na Daktari Kagure alipoliona alidhani ndilo jina la shamba, akaliacha, kwa sababu yeye alijua ni nani aliyekuwa akimletea masanduku.

Sistimu ya kompyuta haikujua.

 

Naftaly aliingia saa saba akiimba wimbo wa kanisani. Ilikuwa muda mrefu tangu aimbe. Mwaka uliopita wanachama wa kiwanda cha kahawa walimwondoa kwenye kamati baada ya miaka kumi na mmoja, kwa kura za kuinua mikono, wengine wao majirani wa mpaka mmoja, na tangu siku hiyo alikuwa akienda sokoni na kurudi kwa njia ya mtoni. Alimpa mkewe simu asome.

Ujumbe ulitoka kwa mtu aitwaye Lennox. Ulisema kwa mujibu wa sistimu mpya ya kituo, Bwana Naftaly ndiye mkusanyaji wa vielelezo vyote vya spishi hiyo, na kwa heshima yake itaitwa *naftalyi*, hivyo hivyo, kwa herufi ndogo.

Kajuju aliusoma mara tatu. Aliuliza huyo Lennox alimpata vipi. Naftaly akakumbuka kwamba mwezi wa pili kijana fulani alipiga simu, akajitambulisha kuwa ni wa mambo ya wadudu, akamwambia namba sita zitaingia kwenye simu yake na azisome. Alizisoma. Alidhani wanahakikisha shamba.

"Na ulikuwa huniambii?"

"Kwani nilijua ni kitu?"

Hapo alikuwa anasema kweli. Kajuju alimpigia Lennox, na Lennox, kijana mwenye adabu aliyeajiriwa mwaka jana kushughulikia data na ambaye hakuwa amewahi kumwona, aliomba asubiri kidogo afungue rekodi. Kisha akaeleza. Makala ya Daktari itachapishwa wikendi. Marekebisho yanapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo jina la mnyama likishachapishwa halibadilishwi, hata likikosewa, hata mwenye jina akigeuka mwizi. Ndiyo sheria ya kazi hiyo dunia nzima. Kulitoa jina la Naftaly kwenye rekodi kunahitaji Naftaly mwenyewe akubali, kwa namba sita nyingine zitakazoingia kwenye simu yake Kajuju akiwa pale ofisini na kitambulisho.

"Nitazisoma," Naftaly alisema. "Shida iko wapi? Nipigieni tu."

Sitamsingizia. Jumatatu alimaanisha.

Lakini Jumanne akapita njia kuu. Jumatano wanaume waliokuwa wakimsalimia kwa kidevu waliinuka kwenye benchi la hoteli wamkaribishe, wakamwita Profesa, na mwenyekiti wa kiwanda, yule yule aliyehesabu ile mikono, akamwagizia chai. Pasta akatuma ujumbe kwamba Jumapili kutakuwa na shukrani. Naftaly alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo hata Kajuju akaona koti lake limekuwa fupi.

Alhamisi jioni, Kajuju akipiga pasi gauni la kwenda Embu, Naftaly alikuja akasimama mlangoni.

"Mama Mutuma, jina langu si ndilo lako?"

Kajuju aliendelea kupiga pasi.

"Wakiandika Kajuju watu watauliza huyo ni nani. Wakiandika Naftaly wanajua ni boma hili. Si ni sisi wote?"

"Baba Mutuma," Kajuju alisema, "kahawa nilikuachia. Maziwa nilikuachia. Sijawahi kusema neno. Hiki kimoja ninakuomba."

"Nimesema nitasoma. Si nimesema?"

"Umesema."

"Basi."

Asubuhi, kabla ya kuondoka, Kajuju aliitia simu ya mumewe chaji kwenye sola, akaingoja ijae, akamwekea mezani kando ya kikombe.

 

Askari wa lango la kituo alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Akamwambia waliokuja kwa kazi ya usafi wanaingilia nyuma. Kajuju akasema amekuja kwa mambo ya nyigu. Askari akauliza kama ana barua. Hakuwa nayo. Aliketi kwenye jiwe dakika arobaini hadi Lennox alipokuja mwenyewe kumchukua, akiomba msamaha njia nzima.

Lennox alimkalisha mbele ya kompyuta, akamfungulia. Alitaka aelewe kwa nini haliwezi kufutwa jina moja na kuandikwa jingine, kama kwenye daftari. Ndani ya mashine ile, alisema, kila kitu kina namba yake, na kila namba imefungwa kwa nyingine kwa uhusiano uliokubaliwa na watafiti wa nchi zote. Nyigu huyu *alitoka ndani ya* yai lile. Yai *lilitagwa na* kunguni yule. Kunguni *anafyonza* mti huu. Mti *uko* Kanyakine. Wanaita ontolojia. Mtu akiwa Brazili akauliza ni nyigu gani wanaoweza kumtuliza kunguni wa makadamia, kompyuta itafuata kamba hizo moja baada ya nyingine na kumjibu, hata kama hajui Kiswahili wala Kimeru.

Kajuju alielewa haraka kuliko Lennox alivyotarajia, kwa sababu kamba zile alikuwa akizifunga kichwani kwa miaka tisa. Alimwonyesha hata mahali palipokosewa: yai moja lilifungwa kwa mparachichi, na yeye hajawahi kukusanya kwenye mparachichi. Lennox akarekebisha. Ilikuwa kazi nzuri, na hilo ndilo lililomchoma. Siku zake zote zilikuwa mle, zimepangwa vizuri kuliko alivyoweza kuzipanga mwenyewe, mpaka ule uhusiano wa mwisho chini kabisa, *alikusanywa na*, ulioishia kwa Naftaly.

"Na mimi niko wapi?"

Lennox akaandika Kajuju, akabonyeza. Hakuna kilichopatikana. Akaona haya kwa niaba ya mashine. Alisema anaweza kumwingiza sasa hivi, akachukua kitambulisho chake, akajaza mwaka wa kuzaliwa, kijiji na namba ya simu. Baada ya dakika kumi Kajuju alikuwa na namba yake, na kando ya jina lake paliandikwa *vielelezo: 0*.

"Sasa tunawahamisha," Lennox alisema. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Akatuma zile namba sita, akampigia Naftaly azisome.

Naftaly alikuwa mteja.

Walingoja. Wakapiga tena. Yule mwanamke wa kwenye simu akarudia kwa sauti ile ile yake kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Namba sita hudumu dakika tano tu, kwa hiyo Lennox alituma nyingine, na nyingine. Kajuju alimpigia Ruguru akamwomba aruke mpaka kule nyumbani. Ruguru alipiga baadaye akihema. Mlango umefungwa, alisema. Naftaly ameonekana saa nne akiwa na suti, ndani ya gari la mwenyekiti wa kiwanda, wakielekea Nkubu.

"Na simu?"

"Si ameenda nayo. Nimechungulia dirishani, haiko mezani."

Saa kumi Daktari Kagure aliingia, akakuta wawili wale wanaitazama simu iliyo mezani. Alikuwa amezeeka tangu waonane, na alimkumbatia Kajuju kwa nguvu. Kajuju hakungoja aketi.

"Daktari, wewe unajua ni mimi. Andika."

"Najua," Daktari alisema. "Ningekuwa na uwezo ningeandika tangu asubuhi. Mhariri haulizi ninajua nini. Anafungua rekodi, analinganisha, jina na rekodi visipokubaliana anarudisha makala nzima."

"Airudishe."

Daktari alivua miwani. Akaeleza polepole kwamba kuna kikundi kingine cha watafiti, nchi nyingine, wenye nyigu huyu huyu kwenye masanduku yao. Makala ikirudishwa itangoja miezi sita, na wao watakuwa wamempa jina wanalotaka, na Kanyakine haitatajwa popote. Amengoja spishi mpya tangu aanze kazi. Alisema hivyo akitazama sakafu, na Kajuju, aliyekuja akiwa na hasira na watu wawili, sasa alikuwa nayo kwa watatu.

"Miaka tisa ulikuwa unasoma lebo zangu," alisema. "Hukuwahi kuniuliza."

"Sikukuuliza. Nilikosa."

Walipiga simu mpaka saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Kisha Lennox akaondoa mkono kwenye kibodi. Daktari akasema bado kuna sehemu moja mhariri anaruhusu, sehemu ya shukrani, nayo angalau itakuwa na jina lake. Aliandika akiwa amesimama, akaandika tena ili ikubaliane na rekodi, akamgeuzia Kajuju kioo asome. Ilisema waandishi wanamshukuru Kajuju kwa kumsaidia Bwana Naftaly shambani.

Kajuju aliuliza kama anaweza kuondoka.

 

Alimkuta Naftaly nyumbani ameketi na suti yake. Uji ulikuwa umepashwa moto, jambo ambalo Naftaly hafanyi.

"Chaji iliisha," alisema.

"Niliijaza mwenyewe."

Kajuju alivua viatu, akaviweka pamoja, akasubiri. Alikuwa anataka amsikie akisema kitu chochote cha kweli, hata kama ni cha aibu. Naftaly alizungusha simu mkononi, kisha yakamtoka: kule Nkubu walikuwa watu wengi, wa ushirika, wa viwanda vingine, na mwenyekiti alimsimamisha mbele yao akawaambia huyu ndiye. Wakapiga makofi. Simu ilikuwa mfukoni na alijua saa ni ngapi.

"Ningewaambia nini, Mama Mutuma? Kwamba hata nyigu si wangu?"

"Ndiyo," Kajuju alisema. "Ungewaambia hivyo."

Alikwenda kwenye rafu ya vichupa vyake. Katika kimoja walikuwa wametoka ishirini na sita tangu asubuhi, wale wasiongoja mtu, wakipanda pamba na kushuka. Alikaa akiwatazama bila kuchukua kalamu. Kesho yake, Jumamosi, makala ilichapishwa, na Lennox akamtumia Naftaly kiungo chake kwa sababu sistimu humtumia mkusanyaji.

 

Kanisa lilijaa Jumapili kuliko sikukuu. Nje palikuwa na spika mbili kwa waliokosa nafasi. Pasta alisema Mungu ameikumbuka Kanyakine, akamwita Naftaly mbele, akamwita na mkewe ainuke pale alipo watu wamwone, kwa kuwa nyuma ya kila mwanamume wa namna hii yupo mama wa kumpikia. Kajuju aliinuka. Wakampigia makofi. Akaketi.

Pengine yangeishia hapo, kwa soda na picha. Lakini mzee Gachoki aliyekuwa safu ya pili aliinua mkono. Ni mtu asiye na maneno mengi, na msimu uliopita kunguni walimmalizia miti mia moja na themanini. Alikuwa amekuja na daftari la mjukuu wake. Alisema amefurahi sana, ila yeye ana swali la shamba. Mayai yenye nyigu ndani atayajuaje kabla hayajapasuka? Na dawa apulize wiki gani, asije akawaua hawa wa kwetu pamoja na kunguni? Wakulima wengine wakageuka kusikiliza. Wengine wakatoa kalamu.

Pasta akampa Naftaly kipaza sauti.

Naftaly alisema hilo ni swali zuri. Alisema nyigu ni wengi, na Mungu ni mkubwa. Alisema mayai hayo huwa madogo. Mzee Gachoki aliandika madogo, akangoja. Jasho lilimtoka Naftaly kwenye nywele, akatafuta kwenye safu za akina mama mpaka akampata.

"Mke wangu ataeleza zaidi," alisema. "Huwa ananisaidia."

Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa Kajuju. Aliinuka. Jibu alikuwa nalo lote mdomoni: kwamba yai lenye kunguni hubaki la kijani kibichi, na lenye nyigu hubadilika likawa jeusi kufikia siku ya tano; kwamba ukiyaona meusi uiweke pampu chini wiki mbili; na mengine ambayo hayakuwa kwenye makala ya mtu. Alimtazama mzee Gachoki na daftari lake, na nusura aseme. Hajawahi kumnyima mtu kitu anachokijua.

"Mimi naitwa Kajuju," alisema. "Na kitabuni imeandikwa aliyewakusanya hao nyigu ni yeye, mimi nilikuwa namsaidia tu. Imeandikwa, na haibadilishwi. Wacha mwenye nyigu awajibu."

Akakirudisha kipaza sauti, mkono kwa mkono, hadi mbele. Mwenyekiti wa kiwanda alitazama viatu vyake. Mzee Gachoki, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alibaki na kalamu juu ya karatasi, akimngoja Naftaly kwa subira yote ya mkulima.

Naftaly alikileta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Sijui," alisema, na spika mbili za nje zikalipeleka neno hilo mpaka barabarani.